Unataka kuingiza hela kwenye yadi ya magari Dar? Soma hii kwanza

Kuna mtu atakufata, mara nyingi shemeji au mtu mliosoma nae, atakwambia ana kampuni ya kuuza magari na anatafuta wa kumuongezea mtaji, milioni 30 hivi tu, halafu jumamosi atakupeleka yadi uone gari zinavyong'aa. Nenda, ila gari usizihesabu bado.

Kwanza muulize ni za nani. Yadi kibao zinawekewa gari na watu, zikiuzwa mwenye yadi anakula kamisheni yake, na nyingine hata kodi hazijalipiwa. Mi nilishawahi kuonyeshwa yadi ina gari thelathini na kitu, kuja kuulizia karatasi moja moja kumbe za kampuni ni sita, na kati ya hizo sita mbili ziko rehani benki. Kwa hiyo omba orodha yenye namba za chesisi, pamoja na kadi au karatasi za kutolea bandarini, alafu inama ulinganishe mwenyewe na gari ilosimama pale. Akianza kununa we rudi nyumbani.

Kinachofata ni tarehe: kila gari iliingia yadi lini na imetoka lini. Watu wengi wanauliza faida kwa gari moja na hapo ndo wanapopigwa. Chukulia gari imekula milioni 15 mpaka imefika yadi, inauzwa 16.5. Ikitoka kila baada ya siku 45 hela ileile inazunguka mara 8 kwa mwaka, hiyo ni milioni 12 kabla ya pango la yadi na mlinzi. Ikikaa miezi sita unazungusha mara mbili tu, milioni 3, na hapo tairi zimeanza kupasuka na jua na betri imekufa, bora ungeweka UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ukalala zako.

Sasa kwanini gari zinakaa? Mji umebadilika. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 njia ya Kimara hadi Kivukoni wengi walidhani watu wataacha kununua gari, haikuwa hivyo, ukisimama kituoni asubuhi ukabanwa mbavu ndo unaanza kuitamani Passo. Waliopunguza haraka ya kununua mi naona ni bodaboda na Bolt, maana mtu anaita usafiri kwa simu, habanwi na paking wala sevisi. Na Bolt hiyohiyo imeleta mteja mwingine, yule anaenunua IST aiweke barabarani imletee hesabu kila wiki. Huyu hanunui kwa sifa, anaangalia inakula mafuta kiasi gani, spea Kariakoo bei gani, siku hizi anauliza mpaka kama mtungi wa gesi ya kuendeshea gari utaenea kwenye buti. Mafuta yakipanda ye ndo wa kwanza kusitisha. Kwahiyo muulize jamaa, gari 20 za mwisho ulizouza, ngapi zilienda kwa watu wa kutembelea na ngapi za biashara? Asipojua basi anaagiza kwa kubahatisha.

Kama wanauza pia bodaboda na bajaji kwa mkataba, hapo kaa chini kabisa. Kwenye vitabu itaandikwa pikipiki 50 zimeuzwa, lakini hela bado iko mfukoni kwa dereva, inarudi kidogokidogo kila siku, na akipata ajali au akikimbilia mkoani ndo basi. Usitake ripoti, taka daftari la marejesho, uone wangapi wamechelewa.

Halafu kuna bajeti ya serikali. Gari kuukuu inaongezewa ushuru wa uchakavu, kwahiyo wanaotegemea gari za miaka mingi wanaweza kuumia kwa tangazo moja tu. Mi nisingesaini mwezi wa tano, ningesubiri bajeti isomwe Juni.

Kama hutaki haya ya yadi unataka hisa za sokoni, Nairobi kuna Car & General, wanauza pikipiki za TVS na bajaji. Ila hata sokoni kuna vituko, CMC, kampuni nyingine ya magari ya hukohuko Nairobi, biashara ya hisa zake ilisimamishwa 2011 wakati wakurugenzi wanavutana, wenye hisa wakakaa zaidi ya miaka miwili hawawezi kuuza mpaka Al-Futtaim ya Dubai ilipoinunua 2014.

Ukiridhika na yadi, angalia BRELA, wanaosajili makampuni, wenye hisa ni kina nani, na jina lako liingie hukohuko, sio kwenye kikaratasi cha kienyeji. Ila ungeniuliza mimi ningekwambia anza na gari moja: mkataba kwa wakili, namba ya chesisi ndani, kadi unakaa nayo wewe, ikiuzwa mnagawana. Fanya hivyo gari tatu nne ndo mje muongelee hisa.