Kuhesabu saintpaulia mwitu bila kuiumiza

Saintpaulia, ua dogo linalouzwa vyunguni mjini Mombasa, lina ndugu zake wa mwituni kwenye miamba ya chokaa ya Kilifi, na hao ni adimu mno. Itambue kwa majani manene yenye manyoya, yaliyopangana duara karibu na jiwe, na ua la zambarau lenye vifuko viwili vya manjano katikati.

Omba kwanza ruhusa ya wenye ardhi na wazee wa kijiji. Beba daftari, penseli (wino huyeyuka kwenye unyevu), kamba ya mita 10 na darubini. Usipande mwamba: kiatu kimoja kikiteleza hung'oa kuvu-mwani (tabaka la kuvu na mwani linaloota juu ya jiwe) na udongo mwembamba ambamo mbegu huota, na kurudi kwake huchukua muda mrefu. Hesabu kutoka chini, kipande kwa kipande cha kamba, ukianzia kushoto, la sivyo utahesabu mmea mmoja mara mbili.

Andika mafungu mawili: mimea iliyokomaa, yaani yenye maua au matunda, na miche. Usiyachanganye! Kwa vigezo vya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, spishi yenye mimea iliyokomaa chini ya 50 duniani kote huhesabiwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, miche haimo.

Tazama pia juu. Mti wa kivuli ukikatwa, jua hukausha jiwe na majani hunyauka. Piga picha ya kivuli hicho, lakini usiweke mahali penyewe mtandaoni; wanaochimba mimea hii kuiiba husoma pia.