Kabla hujapeleka kikundi chako kukaa kwenye kituo cha utafiti, soma hapa kwanza

Wenzangu mlioko vyuoni na kwenye mashirika, hii ni kwa wale mnaotaka kuomba nafasi ya kikundi kwenda kukaa kwenye vituo vya utafiti vinavyochanganya watu wa fani tofauti, mfano ZiF ya kule Bielefeld, Ujerumani. Mimi nimeshakuwa mratibu wa kikundi mara mbili, sio hapo Bielefeld, ni sehemu nyingine ambayo sitaitaja jina, na mara ya kwanza nilimuumiza mwenzangu bila kukusudia, kwa hiyo naomba msome mpaka mwisho.

Kwanza jua unaomba nini. ZiF ipo tangu 1968, iko pale ukingoni mwa msitu wa Teutoburg na apatimenti za wageni ziko hapohapo, na njia za kuomba zinatofautiana: kuna kikundi cha utafiti cha kukaa miezi mingi, kuna vikundi vidogo vya muda mfupi, kuna warsha za siku chache tu. Usichukue andiko la warsha ukalivuta liwe la miezi, wanaosoma wanagundua mapema sana. Andiko lijibu swali moja, kwa nini ni lazima mlale sehemu moja, maana kama kazi inaisha kwa Zoom hakuna atakayewalipia vitanda. Mfano mzuri ni Elinor Ostrom. Alikuwa mtu wa sayansi ya siasa, akaenda kukaa ZiF 1981 hadi 1982, akakutana na mihadhara ya mchumi Reinhard Selten ya nadharia ya michezo, yaani hesabu za jinsi watu wanavyoamua pale uamuzi wa mmoja unapomgusa mwingine, na 1988 akarudi tena kwenye kikundi cha Selten mwenyewe. Ile hesabu aliyoiokota kule aliitumia kwenye kazi yake ya misitu, maji na malisho ya pamoja. Kitu kama hicho hakitokei kwenye mkutano wa siku mbili, kinataka watu wanaopishana asubuhi wakienda kuchemsha chai.

Watu: usijaze majina makubwa ambayo yatakuja wiki moja yakaondoka. Muulize kila mtu wiki zake, aandike.

Ruhusa ya mwajiri: iwe barua yenye sahihi. Mkuu wa idara kukwambia "hamna shida" kwenye korido sio ruhusa.

Viza: kukaa mpaka siku 90 ni Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ikizidi hapo ni viza ya taifa husika na hiyo inachukua muda mrefu zaidi, usizichanganye. Ombi la Schengen unaweza kulipeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na bima iwe ya angalau euro 30,000. Barua ya mwaliko itaje tarehe, mahali pa kulala na nani analipa nini, kila mtu na ya kwake, sio barua moja ya kikundi kizima.

Sasa hela, hapa tulieni. Barua yetu ya kukubaliwa ilisema kituo kitagharamia usafiri na malazi, nikafurahi, nikawatumia watu wote 12 siku hiyohiyo nikawaambia jamani kila kitu kimelipiwa. Sikuuliza kinalipwa lini. Kumbe malazi wanalipa wao moja kwa moja lakini tiketi unanunua wewe kwanza halafu unarudishiwa ukishasafiri. Wenzetu wa Ulaya waliweka kwenye kadi wakasahau. Dada mmoja tuliyetoka naye Tanzania, mwalimu wa chuo, mama wa watoto wawili, alikopa SACCOS akaongezea na zamu yake ya mchezo, na hakuniambia kwa sababu mimi nilishasema kimelipiwa, akaona atanitia aibu. Kaja, kafanya kazi nzuri kuliko wengi wetu, tukarudi nyumbani. Fomu ya madai ikataka bodingi pasi za safari zote, na moja alishaitupa kwenye pipa la treni. Tukahangaika na shirika la ndege mpaka wakatoa barua kwamba kweli alisafiri. Halafu fomu ikataka IBAN, ile namba ndefu ya akaunti wanayotumia Ulaya. Akaunti zetu Tanzania hazina IBAN, yeye ana namba ya akaunti na SWIFT, yaani herufi za kuitambulisha benki kimataifa, na kile kisanduku kila akijaza kinawaka nyekundu kinamrudisha mwanzo. Nimekaa naye ofisini kwake mchana mzima tukijaza kitu kilekile, na pembeni simu yake inaingia meseji ya makato ya mkopo. Hela ilifika baada ya wiki 11, na ilifika pungufu kwa sababu benki za katikati zilikata ada zao.

Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu yeyote neno "kimelipiwa", iandikie ofisi ya fedha ya kituo imeili uulize haya: mnaweza kununua tiketi wenyewe? Kama hamwezi, mnatoa advansi? Mnalipaje akaunti isiyo na IBAN? Ada ya kutuma analipa nani? Benki ina chaguo linaitwa OUR ambapo mtumaji anabeba ada zote, omba hilo, na ombeni liandikwe. Wakikataa vyote, tafuta pesa ndogo ya kuanzia kutoka chuo chako au granti nyingine, na kama haipatikani punguza watu wawili kwenye orodha lakini wanaobaki wasafiri bila deni. Mara ya pili nilifanya hivyo, kituo kilinunua tiketi zote za wenzetu wa Afrika chenyewe, ilichukua imeili tatu tu.

Mengine ni ya haraka. Anayekuja na watoto aseme mapema, apatimenti za familia huwa chache. Uliza kama jikoni kuna masufuria. Kama ni Novemba kwenda mbele, koti zito sio hiari. Bodingi pasi zote, hata tiketi za treni na basi, mpige picha palepale mnaposhuka. Nakala za pasipoti zikae kwa watu wawili, na namba ya mtu wa kituo anayepokea simu usiku iandikwe kwenye karatasi, kila mtu awe nayo mfukoni, maana mnafika saa tano usiku chaji imeisha na mlango mkubwa umefungwa.