Darasa la kila mtoto: anza na ubao

Kabla hujatafuta vifaa vya bei, angalia unavyotumia ubao. Walimu wengi tuna tabia ya kuandika huku tunaongea, mgongo kwa wanafunzi. Mtoto asiyesikia vizuri husoma midomo. Ukigeuka tu, somo limemkatikia. Andika kwanza, geuka, ndipo uzungumze. Usisimame mbele ya dirisha pia, maana mwanga ukiwa nyuma yako uso hauonekani sawasawa. Na kila unachoandika kisome kwa sauti, kwa ajili ya mwenye uoni hafifu. Huyo mwulize mwenyewe anaona vizuri akikaa wapi. Si lazima iwe mstari wa mbele. Wengine mwanga mkali huwaumiza.

Mtoto mwenye usonji (autism, hali inayoathiri namna ya kuwasiliana na kuhusiana na wengine) mara nyingi husumbuliwa na mabadiliko ya ghafla kuliko somo lenyewe. Mimi huchora ratiba ya siku kwa picha kwenye kadi: kitabu, mpira, sahani. Kipindi kikiisha, yeye mwenyewe hugeuza kadi. Kengele ikikaribia namtonya: "Bado dakika tano."

Maelekezo toa moja moja. "Fungueni ukurasa wa 12." Subiri. Kisha la pili. Ukiuliza swali, nyamaza kidogo kabla ya kuchagua wa kujibu. Wale wenye mikono mepesi watanung'unika, waache.

Kiti cha magurudumu kinahitaji njia ya angalau sentimita 90, na mikoba isiachwe sakafuni.

Mtihani je? Kama unapima sayansi, mwandiko usiwe kikwazo: anayeandika kwa shida mwongezee muda, au aeleze kwa mdomo nawe uandike.