Somo: Kutafuta asili ya picha uliyotumiwa WhatsApp kabla hujaisambaza

Wakuu, picha nyingi zinazopotosha hazijachezewa hata kidogo. Ni picha za kweli zilizopewa maelezo ya uongo: mafuriko ya nchi nyingine yanaitwa ya Jangwani, Dar es Salaam, ajali ya miaka sita iliyopita inaitwa ya jana. Kwa hiyo usianze na "hii ni feki?" Anza na "ilionekana mtandaoni kwa mara ya kwanza lini, na ilisemwa ni ya wapi?" Simu yenye bando inatosha.

1. Angalia mishale. Mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umeshasambazwa mara tano au zaidi tangu kwa mtumaji wa kwanza. Aliyekutumia si chanzo.

2. Hifadhi picha yenyewe, si skrinshoti. Skrinshoti hubeba saa, betri na maneno ya pembeni, na hayo huvuruga utafutaji. Maandishi yaliyobandikwa juu yakate, ubakize kitu cha pekee: jengo, kibao, daraja.

3. Tafuta kwa picha. Hapa ndipo penye kazi, msipaharakishe. Ipakie kwanza Google Lens, huduma ya Google ya kutafuta kwa picha, ambayo ni hodari wa kutambua mahali. Kisha ipakie TinEye, injini nyingine ya kutafuta kwa picha, na upange matokeo kuanzia la zamani zaidi. Picha ikiwa na tarehe ya mtandaoni iliyotangulia tukio linalodaiwa, umemaliza. Hata za kutengenezwa hunaswa hivi hivi. Papa anayeogelea kwenye barabara kuu iliyofurika alisambazwa mwaka 2011 kuwa yuko Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, akaibuka tena Houston mwaka 2017 wakati wa kimbunga Harvey. Papa huyo alikatwa kwenye picha ya mwaka 2003 ya mpiga picha Thomas Peschak, iliyopigwa Afrika Kusini, akiwa nyuma ya kayaki.

4. Soma yaliyomo. Magari yanapita upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda ni kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo ni kulia. Namba za magari binafsi za Kenya huanza na K, za Uganda na U, za Tanzania na T kisha tarakimu tatu. Kama herufi za vibao zinasomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa. Igeuze tena ndipo utafute.

5. Nenda kwa mwenye habari. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, mwenye kauli alikuwa TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Fungua tovuti ya taasisi mwenyewe, usifuate linki iliyokuja na ujumbe. Tiki ya buluu ya mtandao wa X (zamani Twitter) siku hizi hununuliwa, kwa hiyo si kitambulisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimetafuta na hakuna kilichotokea. Basi ni ya kweli?
Jibu: Hapana. Huenda ni mpya, au haijawahi kuwekwa kwenye tovuti inayosomwa na injini hizo. Kata sehemu nyingine ya picha ujaribu tena. Ikishindikana, jibu ni "haijathibitika", na isiyothibitika haisambazwi.

Swali: Siwezi kuona tarehe iliyopigwa kwenye taarifa za faili?
Jibu: WhatsApp huziondoa taarifa hizo picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Mwombe mpigaji akutumie kama dokumenti, zitabaki. Ila kumbuka zinaweza kuhaririwa, kwa hiyo zisiwe ushahidi pekee.

Swali: Na video je?
Jibu: Isimamishe panapoonekana jengo au kibao, piga skrinshoti hapo, kata kingo, rudi hatua ya 3. Chukua tatu au nne za sehemu tofauti.

Swali: Shangazi ameweka uzushi kwenye grupu la familia. Nimjibuje bila kumvunjia heshima?
Jibu: Mfuate pembeni kwanza: "Shikamoo shangazi, ile picha nimeikuta ni ya mwaka fulani, mahali fulani," na umwekee linki. Mwombe aifute mwenyewe. Ukilazimika kusahihisha grupuni, tanguliza ukweli, wala usiibandike tena picha ile. Watafiti Hasher, Goldstein na Toppino walionyesha mwaka 1977 kwamba kauli inayorudiwa huanza kuonekana ya kweli, na anayepita haraka atakumbuka picha kuliko maneno yako.