Saa 15 Angani na Mtoto Anayetembea

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York huchukua karibu saa 15. Mara ya kwanza kuipanda na mwanangu alikuwa na miezi 18, na nilimaliza vitu vyote vya kuchezea kabla hata chakula hakijaletwa. Mtoto mwenyewe alikuwa ametulia. Kiherehere kilikuwa changu. Safari iliyobaki niliimaliza kwa kutembea, kuanzia viti vya mbele mpaka chooni, mtoto begani.

Hatua ya 1: Tiketi

Chini ya miaka 2 anaweza kupakatwa, na mashirika mengi hutoza takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka 2 lazima awe na kiti chake. Kile kitanda kidogo cha ukutani usikitegemee: kina kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 10 au 11. Chakula cha mtoto kiagize angalau siku moja kabla.

Hatua ya 2: Begi

Vitu vidogo sita asivyowahi kuviona, kila kimoja umekifunga kwa karatasi, maana kufungua nako ni mchezo. Stika, vikombe vinavyoingiana, kitabu cha kurasa ngumu. Mpira usibebe, utauokota chini ya viti vya watu usiku kucha. Tia leso mbili: ya kumtandikia, kumfunika miguu, na kujificha uso na kuchungulia, mchezo ambao kwa umri huu hauchoshi. Nepi hesabu moja kwa kila saa mbili, kisha ongeza tatu. Nguo za kubadilisha ni zake na zako pia. Akitapika, blauzi yako ndiyo itakayopokea.

Chakula: ndizi, mkate wa mayai, tende zilizotolewa kokwa na kukatwa vidogo. Uji na maziwa ya mtoto kwa kawaida huruhusiwa hata yakizidi mililita 100, ila mwambie mkaguzi kabla begi halijaingia kwenye mashine.

Hatua ya 3: Kupanda

Wenye watoto huitwa kwanza. Mimi siitiki. Kama mko wawili, mmoja atangulie na mizigo, mwingine abaki nje na mtoto akimbie mpaka foleni iishe.

Hatua ya 4: Usiku

Hapa ndipo wengi tunapokwama. Tuseme mmeondoka saa 6 usiku. Mvalishe nguo za kulalia, msugue meno, mwimbie kama nyumbani, alale. Lakini mwili wake unafuata saa ya Nairobi: ikifika saa 12 alfajiri ataamka, mchangamfu kama jogoo. New York wakati huo ni saa 4 au 5 ya usiku, kutegemea majira, nje giza tupu, abiria wote wanakoroma, na zimebaki kama saa 9.

Kwa hiyo vile vitu sita ni vya wakati huo. Kabla ya hapo, mtoto akitazama mkanda wa kiti kwa dakika 20, mwache na mkanda wake. Alfajiri toa kimoja, subiri achoke nacho kabisa, mtembeze, mlishe, ndipo utoe cha pili. Katuni ziwe za mwisho, bila sauti.

Kuna watakaokushauri umpe dawa ya mafua ili alale. Usimpe. Si dawa ya usingizi, ina hatari zake kwa watoto wadogo, na wengine huwachangamsha badala ya kuwalaza.

Hatua ya 5: Kushuka

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka kuliko wa kupaa, na ndege huanza kushuka kama nusu saa kabla ya kutua. Kumeza ndiko kunakozibua, basi mnyonyeshe au mpe kikombe cha mrija, kidogo kidogo. Akiwa amelala, mwamshe anywe, hata kama roho inakuuma.

Na kati ya vile sita, kimoja kibaki kwenye karatasi yake. Bado kuna foleni ya pasipoti.