Kupanga Upya Ukingo wa Maji ili Kupunguza Bata Bukini Wasumbufu

Bata bukini haji kwenye bustani ya kando ya bwawa kwa bahati nasibu. Anafuata vitu vitatu ambavyo mara nyingi tumemwandalia sisi wenyewe: nyasi fupi na laini za kula, maji ya kukimbilia anapotishika, na uwazi unaomwezesha kumwona adui akiwa bado mbali. Ukilitazama kundi likila alfajiri, utaona kwamba wengi wameinamisha vichwa wakikatakata majani, huku mmoja au wawili wamesimama wima, shingo zimenyooka, wakiangalia kule ambako hatari inaweza kutokea. Kitu kikitikisika, kundi zima hugeuka na kutembea upesi kuelekea majini, kwa kawaida bila hata kuruka. Maelezo yanayofuata yanatokana na mwenendo huo. Tunachotafuta ni kuzitenga nyasi na maji, ili ndege asijione salama mahali hapo, ingawa watu wataendelea kupafurahia.

Wengi huanza na kelele, mbwa au sanamu za wanyama wakali. Njia hizo husaidia kwa siku chache, kisha ndege huzoea, na sanamu isiyosogea hugeuka kuwa sehemu ya mandhari tu. Kwa maoni yangu vitisho vina maana pale tu mandhari yenyewe imekwisha kubadilishwa, kwa sababu ndege aliyefukuzwa kutoka mahali pazuri hurudi jioni ile ile, lakini aliyefukuzwa kutoka mahali ambapo tayari hapamridhishi hutafuta pengine.

Kabla ya kununua mche wowote, tembea ukingo mzima asubuhi na jioni kwa muda wa wiki moja. Tafuta mahali ambapo nyasi zimelala na udongo umekanyagwa hadi ukawa mgumu. Hapo ndipo wanapopandia kutoka majini. Angalia kinyesi chao, vipande virefu vya rangi ya kijani vyenye weupe ncha moja, kwa kuwa wingi wake unakuonyesha wanakokula na wanakopumzika. Kinyesi hicho ni zaidi ya uchafu wa njia za miguu, kwani mvua huyasukuma majini madini ya naitrojeni na fosforasi yaliyomo, nayo hulisha mwani. Chora ramani ndogo, hata kwa mkono, yenye njia zao za kupanda na kushuka. Ramani hiyo itakuokolea gharama, kwa sababu mara nyingi si lazima kubadilisha ukingo mzima kwa wakati mmoja.

Jambo la maana kuliko yote ni ukanda wa mimea mirefu kati ya maji na nyasi. Panda mimea ya asili ya eneo lako inayostahimili unyevu: matete, ndago na nyasi ndefu karibu na maji, kisha maua ya porini na vichaka vifupi kuelekea nchi kavu. Ili ukanda ufanye kazi, urefu wa mimea uzidi shingo ya ndege aliyesimama, yaani kuanzia sentimita 75 hivi kwenda juu, na upana usipungue mita 6. Mita 10 ni bora, na palipo na nafasi ya kutosha, ongeza zaidi. Msongamano una uzito kuliko urefu. Mimea mirefu iliyopandwa kwa kuachanachana humruhusu ndege kupenya na kuona mbele, ilhali mimea iliyoshikana humfanya asite, kwa sababu hajui ni mnyama gani aliyejificha ndani yake.

Kosa linaloharibu kanda nyingi ni njia ya watu. Mtu huacha uwazi ulionyooka wa mita mbili ili afike kwenye gati au aone maji, na kundi zima huupata uwazi huo katika siku chache na kuufanya mlango wake. Ikiwa lazima pawe na njia, ifanye nyembamba na ipinde kama herufi S, kiasi kwamba mtu aliyechuchumaa kwenye nyasi asiweze kuyaona maji kupitia njia hiyo. Chuchumaa kweli, uangalie, kwa maana jicho la bata liko chini sana kuliko lako. Panapoonekana maji ukiwa umechuchumaa, hapo ndipo watakapopita.

Ukanda huu hauoti kwa mwezi mmoja. Tarajia misimu miwili au mitatu kabla haujafunga vizuri, na ujue kwamba ndege wenyewe hupenda kung'oa na kula machipukizi machanga. Kwa hiyo zungushia miche uzio wa muda, upande wa maji na upande wa nyasi pia. Wavu wenye kimo cha sentimita 75 hadi 90 unatosha, mradi matundu yake yasizidi sentimita 7 au 8, la sivyo vifaranga watapenya na wazazi watabaki nje wakihangaika. Ukingo wa chini wa wavu ugusane na ardhi na ufungwe imara kwenye vigingi, kisha uupitie kila baada ya upepo mkali, kwa sababu pembe moja iliyoinuka inatosha kuipa familia nzima nafasi ya kuingia.

Uzio na ukanda vina nguvu zaidi katika kipindi ambacho ndege hawawezi kuruka. Mara moja kwa mwaka, katika majira ya kiangazi, bata bukini waliokomaa hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja na kukaa karibu mwezi mzima wakitegemea miguu na kuogelea. Katika nchi za kaskazini hilo huangukia mwezi Juni na Julai. Vifaranga nao huchukua takriban miezi miwili kabla ya kuruka. Wakati huo familia inahitaji kutembea kutoka majini hadi kwenye malisho na kurudi, na ikiwa haiwezi, itahamia ukingo mwingine. Kwa sababu hiyo kizuizi kiwe tayari mapema, kabla ya majira ya viota, kwani jike huelekea kurudi kutaga karibu na alikoanguliwa, na familia iliyokwisha kuangua vifaranga mahali fulani ni ngumu mno kuihamisha.

Baada ya ukanda, geukia nyasi zenyewe. Kila mita ya mraba ya nyasi fupi unayoiondoa ni sahani unayoiondoa mezani. Punguza eneo linalokatwa, na mahali pasipochezewa na watu panda vichaka au mimea inayotambaa yenye majani magumu. Acha kumwagilia na kutia mbolea ya naitrojeni karibu na maji, kwa sababu majani machanga yenye maji mengi na protini ndiyo yanayowavuta zaidi. Mahali ambapo lazima pabaki nyasi, inua kisu cha mashine ya kukatia, na chagua aina zenye majani magumu na mapana. Njaa ikiwazidi watazila hata hizo, lakini mahali penye kizuizi na chakula kibaya kwa pamoja hupoteza mvuto kwa kasi.

Ukingo wenyewe unaweza kusaidia. Mteremko mpole unaoingia majini polepole ni ngazi kwao, lakini mteremko mkali, au mawe makubwa yenye kipenyo cha zaidi ya nusu mita yaliyopangwa kando ya maji, huwazuia kupanda kwa urahisi. Changarawe ndogo hazifai kitu. Ndege hutembea juu yake na hata kuotea jua. Kwenye bwawa linalotembelewa na watoto, ukingo mkali ni hatari, na hapo ni afadhali kutegemea mimea.

Visiwa vidogo katikati ya bwawa huwapendeza wabunifu wa bustani na bata bukini vilevile, maana jike huatamia huko mayai yake matano au sita kwa siku 28 hivi bila kufikiwa na wanyama wa nchi kavu. Ikiwa bwawa bado linachorwa, usiweke kisiwa. Iwapo kipo tayari, kifunike kwa vichaka vilivyoshikana. Fahamu pia kwamba bata bukini wa Misri, ambaye asili yake ni Afrika na sasa anaishi porini katika sehemu za Ulaya, hutua kwenye miti na kutaga hata katika mashimo ya miti, hivyo kwake mbinu ya visiwa ina faida ndogo.

Katika nchi za baridi, mtambo wa kurusha maji juu au kupulizia hewa ndani yake huacha sehemu isiyoganda, na sehemu hiyo huwashikilia ndege ambao wangeondoka. Mwaka 1962, bata bukini wa Kanada wa aina kubwa, aliyedhaniwa ametoweka, alitambuliwa tena huko Rochester, Minnesota, kwenye ziwa Silver Lake, ambalo maji yake hayakuganda kwa sababu ya maji ya moto ya kituo cha umeme. Uzimaji wa mtambo wakati wa baridi ni hatua rahisi, ila hakikisha kwanza kwamba samaki wa bwawa hawautegemei kwa hewa.

Hakuna lolote kati ya haya litakalofaulu ikiwa watu wanaendelea kuwarushia mkate. Weka vibao vya kukataza na uzungumze na majirani kwa upole, ukieleza kwamba mkate hauna lishe inayofaa kwa kifaranga anayekua.

Kagua sheria kabla ya kugusa chochote. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1918 inayolinda ndege wahamaji huhusu pia viota na mayai, na Uingereza ina sheria yake ya mwaka 1981. Kazi ya ukingoni yenyewe inaweza kuhitaji kibali cha mamlaka ya maji. Ukikuta kiota chenye mayai unapofyeka, acha eneo hilo hadi msimu upite.

Ukanda ukishakomaa, ukate mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya machipukizi mapya, lakini nusu tu kwa mwaka, ili siku zote kuwe na mimea iliyosimama mbele ya maji wakati ndege wanapochagua mahali pa kutaga.