Umepewa timu ya netiboli au voliboli ya skuli ya Kikatoliki ya wasichana Mombasa? Anza kabla mvua haijaanza

Haya, umeitwa ofisini, Sista amekwambia kuanzia leo wewe ndio mwalimu wa gemu, ukasema sawa manake Sista hakataliwi, ukatoka nje ukaanza kujiuliza sasa naanzia wapi. Mimi nilipita hapo hapo. Nilikuwa nimecheza netiboli zamani kidogo, voliboli nilikuwa naijua kwa macho tu, na nikapewa zote mbili siku moja pamoja na gunia la mipira sita, minne haina upepo.

Kalenda ndio itakuua usipoielewa mapema. Wenzetu Marekani, skuli za Kikatoliki za wasichana zina timu za spring, yaani msimu wa machipuko, softboli, lacrosse (mpira wa vijiti vyenye wavu), riadha, baridi imeisha nyasi zinachipuka na watoto wanatoka nje kufurahia jua. Sisi miezi hiyo hiyo ndio mbingu inafunguka. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kushinda yote hapa kwetu, muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa Aprili, na netiboli, voliboli na mpira wa miguu ni gemu za muhula wa pili (handiboli, hoki na basketiboli ya watano watano zishachezwa muhula wa kwanza). Piga hesabu mwenyewe, watoto wamekaa likizo wiki tatu wakila na kulala, wanarudi uwanja umekuwa bwawa, na mechi za zoni haziko mbali. Zoni, kaunti ndogo, kaunti, Pwani, taifa, hiyo ndio ngazi, na ukifungwa kwenye zoni msimu wako umeisha hata chokaa ya mistari hujaimaliza. Kwa hivyo timu ya muhula wa pili chagua Februari na Machi, jua likiwa kali, uwanja mkavu. Ukingoja skuli ifunguliwe ushachelewa.

Kuchagua kwenyewe mwaka huu wa 2026 kuna shida yake. Kwa sababu ya mtaala mpya, mwaka jana hatukupata Fomu Wani, mwaka huu hakuna Fomu Tuu, tuna Fomu Thrii, Fomu Foo na hawa Gredi 10 (darasa la kwanza la sekondari ya juu kwa mtaala mpya) walioingia Januari ambao hata choo kiko wapi walikuwa wanauliza. Zamani ulikuwa na msichana umemlea kutoka Fomu Wani, sasa kuna pengo hapo katikati. Ushauri wangu, usijaze timu Fomu Foo peke yao kwa sababu wana uzoefu. Mtihani ukikaribia wazazi wanaanza kupiga simu, na mwakani utabaki na mipira tu. Beba Gredi 10 angalau watano katika kumi na wawili wako. Na miongoni mwao kuna waliochagua njia ya masomo ya sanaa na michezo, hao wanataka uwanja kuliko hata wewe, watafute mapema.

Siku ya kuchagua wakija arobaini usiangalie nani mrefu wala nani anafunga. Mimi kwa netiboli nafanya hivi, namrushia mtoto mpira usimfikie sawasawa, upande wa kushoto kidogo, juu kidogo, halafu simwangalii mikono, namwangalia miguu. Yuko atakayeudaka akatua mguu mmoja, wa pili ukafuata, akasimama kama mnazi. Yuko atakayeudaka vizuri sana halafu miguu inaendelea kutembea yenyewe, tatu, nne. Huyo wa pili refa atampigia filimbi mpaka uchoke. Kufunga kunafundishika, ringi iko juu mita 3.05 haitembei, mtoto akirusha mara mia kwa siku atazoea. Miguu inachukua muda. Na kumbuka ana sekunde tatu tu za kukaa na mpira, kwa hivyo anayedaka huku kichwa kishaanza kutafuta pasi, mwandike jina hata kama ni mfupi, huyo ni senta wako, mchezaji wa katikati.

Kwa voliboli naanza na sevu, ule mpira wa kuanzisha. Wasichana wa skuli, pointi nyingi zinatoka kwenye sevu, yako au yao waliyoharibu, hizo spaiki (mpira wa kupigwa chini kwa nguvu) za kwenye tivii ni mapambo mpaka ufike mbali. Msichana anayepitisha sevu nane kwa kumi juu ya neti, hata ya chini ya mkono, ana nafasi kwangu. Na hiyo neti ipime! Ya wanawake ni mita 2.24, na skuli nyingi neti imefungwa kwa macho, wengine iko chini kama kamba ya kuanikia nguo, watoto wanafurahi wanaspaiki mwaka mzima halafu siku ya mechi wanaipiga neti yenyewe. Chukua ufito, pima na futi ya fundi nguo, tia alama ya rangi, uweke stoo. Kila siku kabla ya mazoezi mtoto mmoja kazi yake ni kusimamisha ule ufito katikati ya neti.

Sasa upepo. Hili hamna mtu aliniambia. Mazoezi ya Februari unafanya kaskazi ikivuma, ukifika Mei ni kusi, na kusi ikikamia hasa viwanja vya karibu na bahari, mpira unaondoka na akili zako. Sevu ikienda na upepo inapitiliza nje, ikienda kinyume inadondoka mapema. Kwa hivyo mwambie kapteni wako, akishinda shilingi asiseme tu "tunasevu" kwa mazoea, anaruhusiwa kuchagua upande badala yake. Mimi upande wa kwanza nataka ule wa kusevu tukitazama upepo, manake watoto wakiwa na wasiwasi wanapiga kwa nguvu na upepo unawarudishia mpira ndani. Seti ya tano ni pointi 15 na mnabadilishana upande ikifika 8, hapo nayo iweke kichwani.

Mvua ikinyesha usifute mazoezi, badilisha. Simenti iliyolowa usiwakimbize, utavunja mtu. Ingieni ukumbini au hata veranda, fanyeni kuruka na kutua. Wasichana magoti yao yanaumia kirahisi kuliko ya wavulana na mara nyingi ni kwenye kutua, goti linaingia ndani. Mfundishe atue magoti yamekunjwa yanatazama mbele, sauti ya miguu isisikike, ukisikia "pwaa" arudie. Dakika ishirini za hivyo mara mbili tatu kwa wiki, utanishukuru Juni.

Makaratasi. Ah, makaratasi. Skuli moja niliyofundisha, jina silitaji, tulifika uwanjani basi zima, watoto wamesuka nywele mtindo mmoja, na shuta wetu (mfungaji) mzuri kuliko wote akakalishwa benchi kwa sababu cheti cha kuzaliwa nilibeba kopi na jina moja lilikuwa na herufi tofauti na la kwenye fomu. Tulifungwa. Yule mtoto alilia njia nzima na mimi nilijifanya natazama nje ya dirisha. Gemu hizi zina kikomo cha umri, na watu wanakaguana kwa jicho kali, kwa hivyo Februari hiyo hiyo kusanya vyeti, linganisha majina herufi kwa herufi na rekodi za skuli, kosa likiwepo mzazi ana muda wa kurekebisha. Weka faili moja, plastiki, isilowe.

Mavazi zungumza na Sista mapema kabla hujamlipa fundi. Skuli ni ya Kikatoliki lakini hii ni Mombasa, timu yako itakuwa na Maria na Mwanaisha wamesimama pamoja. Agiza kabisa tangu mwanzo leging ndefu na hijabu za michezo za rangi ya timu, za kuvuta kichwani bila pini, wasije wakajitafutia wao siku ya mechi. FIFA ya mpira wa miguu iliruhusu hijabu tangu 2014, FIBA ya basketiboli 2017, kwa hivyo mtu akikuletea maneno jibu unalo. Na tafadhali, sketi na bukta nyeupe achana nazo. Msichana akiwa kwenye siku zake na amevaa nyeupe hachezi, anajificha, wewe utadhani ni mvivu. Agiza samawati iliyokolea au maruni.

Mzazi anayekataa usimpigie simu umlaumu. Nenda umuone, au mwite siku ya mkutano. Mara nyingi mama hana shida na mpira, ana shida na saa. Binti atarudi saa ngapi, na nani, madrasa je, mafundisho ya kipaimara Jumamosi je. Mpe saa kamili halafu uitimize. Ukisema saa kumi na mbili wawe getini, iwe saa kumi na mbili, si kumi na mbili na robo. Ukivunja hiyo mara moja umempoteza mtoto.

Siku ya mechi chai na mahamri mawili asubuhi na mapema inatosha, viazi karai vya njiani marufuku mpaka filimbi ya mwisho. Maji wayabebe wenyewe, unyevu wa Mei unadanganya, mtu hahisi jua lakini jasho linatoka tu. Kama mnavuka Likoni kwenda au kutoka, hesabu ya feri iongeze saa nzima, basi likikwama kwenye foleni watoto wanafika wamekakamaa na hakuna muda wa kupasha mwili. Dua kila mtu aombe ya kwake, sisi tunashikana mikono tu, mmoja wa huku anaomba, mmoja wa kule anaomba, dakika mbili, twende.

Begi langu la mechi lina faili ya vyeti, sodo pakiti mbili, plasta na bandeji, barafu kwenye jagi la plastiki, nyuzi na sindano ya bukta iliyopasuka, sindano ya kutia mipira upepo na pampu yake, na filimbi mbili, manake moja lazima mtoto ataiazima na hutaiona tena.